Chai Isiyo na Chumvi

Salaam aleikum, mama zangu, na nyinyi dada zetu wa kanisani, habari zenu. Niruhusuni niongee nikiwa nimeketi. Miguu hii imetembea kutafuta maziwa ya kuuza mpaka imenikasirikia.

Ukame ule uliomaliza ng'ombe wetu ndio ulionikuta na ugonjwa wa sukari. Daktari akasema, "Mama, wacha sukari kabisa." Nikaacha. Lakini nawaambia, ndugu zangu, mimi ni mfugaji wa Biliqo, chai bila kitu ndani haishuki kooni. Nikafanya kama mama yangu alivyofanya duka likiwa mbali: nikatia chumvi. Tena ya kutosha. Nikajiona mjanja. Msicheke, hata nyinyi mnaijua ladha yake.

Sukari ikashuka kweli. Kichwa nacho kikaanza kugonga, macho yakaingia ukungu. Nikasema ni jicho la watu. Siku moja sokoni nikamimina maziwa nje ya kikombe cha mteja, yote, nikidhani nimelenga. Hapo niliogopa. Nikipofuka nitapima nini? Watoto watakula nini?

Mke mwenzangu akanishika mkono mpaka hospitali. Nesi akanifunga kile kitambaa mkononi, akajaza upepo, akarudia tena. Presha ilikuwa juu sana. "Chai unakunywa na nini?" Nikamjibu, na chumvi, kwa sauti ya mtu anayengoja kusifiwa. Akashika kichwa. Akasema presha ikikutana na sukari, zinakula macho na figo pamoja, na mara nyingi mwenyewe hasikii kitu.

Nikapewa kidonge cha kila siku. Kinanikojoza njia nzima, kinanichosha. Kichwa kilipotulia nikaacha kidonge, presha ikarudi. Sasa nameza hata nikijisikia mzima. Nimechoka, sitawadanganya, ugonjwa huu hauna siku ya kupumzika. Ukungu haukuisha wote, lakini kikombe nakiona.

Mwenye sukari, nenda upimwe presha pia, usingoje uchungu. Namshukuru Mungu, nesi yule, na nyinyi mlionibebea mitungi ya maziwa. Na mke mwenzangu, yule pale anajificha na leso. Hana sukari, hana presha. Lakini tangu siku ile birika letu ni moja, halina sukari wala chumvi. Nikamwuliza, mbona unajitesa?

Akasema, "Dada, chai mbaya mtu hainywi peke yake."