Mbwa Tuliyekataa Kumkata

Jumatatu, tarehe sita Aprili 1992, saa nne asubuhi, ndipo kijiji chetu kilipokufa. Leo, miaka minne baadaye, ni zamu yangu. Sogeeni, Wanzala na Awinja, wanangu mliobaki, maana sauti yangu imepungua.

Tulikuja hapa Lugari kutoka Maragoli mwaka wa sitini na tano, marehemu baba yenu na mimi na jamaa kumi na moja, tukapewa pembe ya shamba la mzungu ambayo hata mzungu mwenyewe hakuilima, mawe na vumbi, mahindi yakikauka kabla ya kufika kiunoni. Tukachimba kisima. Watu wetu walipoogopa kufukiwa, alishuka Kiplagat, jirani mfugaji, akatucheka kutoka chini: "Nyinyi mnajua Biblia tu, udongo hamuujui." Ndiye aliyeyafikia maji.

Wahenga walionya, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mwaka wa ukame tulizungusha miiba kisimani, tukafukuza ng'ombe wake. Wazee wa pande zote wakasema tukate mbwa, kiapo cha kale, ili atakayemwaga damu baadaye afe kama mbwa yule. Mimi, kiongozi wa akina mama kanisani, nikasimama nikasema, "Sisi tumeokoka. Tutaomba tu."

Kiplagat akaniuliza polepole, "Mama Onesmus, kwa hivyo amani mmeikataa?"

Nikampa mgongo.

Wiki ya pili, Jumatatu ile, vijana wa upande wa Kiplagat walikuja na mishale. Onesmus, kifungua mimba wangu, alichomwa shingoni akiteka maji. Mkewe Kageha alifungiwa nyumbani, nyumba ikachomwa, nikamsikia mpaka nikaacha kumsikia. Na jioni, Wanzala, usiangalie chini, wewe na wenzako mlimkuta Kipkoech, mwana wa Kiplagat, mikono mitupu, mkamkata kwa panga hata mamake akamtambua kwa shati. Nilikuosha damu ile, nikanyamaza.

Sasa nakusikia ukinoa tena. Acha. Shamba ni lenu wawili, lisiuzwe. Miiba ing'oeni. Wanzala, nenda kwa Kiplagat mchana, bila silaha, useme ulilotenda. Akitaka mbwa akatwe, kateni, na mchungaji akiwatenga, mwambieni ni agizo langu. Usipokwenda, usitupe udongo kaburini mwangu.

Awinja, niinue. Mungu awabariki... awape mvua.

Baba, mpokee Onesmus. Mpokee Kageha. Na Kipkoech... naye alikuwa mtoto wa mtu. Wape pumziko... wote watatu. Amina.