Bi Mwanakheri, Mshika Ufunguo wa Kisima cha Mkadini

Wasikilizaji wapendwa, assalamu alaikum. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Leo tunamkumbuka Bi Mwanakheri Simai wa Mkadini, kusini mashariki mwa Unguja. Bi Mwanakheri alikuwa mshika ufunguo wa kisima. Likumbukeni hilo, mshika ufunguo, kwani ndilo lililompa heshima na ndilo lililomtia simanzi.

Mkadini ni maweni. Udongo uko kidogo hapa, kidogo pale, na watu hulima tungule, nyanya kwa watu wa bara, humo humo kwa maji ya kisima kimoja. Kisima hicho hicho ndicho cha kunywa, ndicho cha kutilia udhu. Zamani wakubwa wa serikali walikuja kutoka mjini, wakabandika amri ya maji ukutani, wakaondoka. Hakuna aliyeifuata. Safari iliyofuata wakaja kuuliza. Wakulima, wanawake wachotao maji, na Bwana Zahran mwenye nyumba ya wageni, wote wakakaa skuli, wakakubaliana. Mashine ya kuvutia maji itakwenda kwa zamu. Na siku za bamvua, bahari inapojaa sana na kusukuma chumvi chini ya mawe, mashine itafungwa kufuli, isije ikaivuta chumvi kisimani. Ndoo ruhusa, mashine hapana.

Ufunguo wakampa Bi Mwanakheri, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuyumbishwa. Bwana Zahran alimwendea na mkungu wa ndizi na maneno matamu. Alirudi na mkungu wake.

"Mama alicheka siku nzima," anasema binti yake, Muzdalifa. "Akanambia, ndizi zilikuwa nzuri, haki ya Mungu."

Kisima kikabaki kitamu. Mpaka mwaka juzi, kwenye bamvua ya kuelekea Ramadhani. Tungule za Haitham zilikuwa zinanyauka, na sokoni Darajani wanazisubiri. Haitham ni mume wa Muzdalifa. Ni mkwe. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaamkia. "Shikamoo mama." Hakuomba kitu. Alitazama chini tu.

Hapa, wasikilizaji wapendwa, nina hasira, nisiwafiche. Watu wa kisiwa hiki tuna ugonjwa, jina lake muhali. Mgeni tutamkatalia mchana kweupe. Mkwe tunamwonea haya. Bi Mwanakheri akaona muhali, akatoa ufunguo.

"Leo tu, mwanangu," alimwambia.

Asubuhi akaja shemeji yake. "Mkwe kapata, mie nkose?" Akaja jirani. Akaja na somo yake wa tangu utotoni. Angemnyima nani tena, na kwa uso gani? Mashine ikanguruma bamvua nzima. Hakuna mtu wa nje aliyewaingilia. Walishirikishwa, wakakubaliana, kisha wakakiua kisima wenyewe, kwa adabu nzuri kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Bamvua ilipokwisha, chai ilikuwa na chumvi. Majani ya tungule yakaungua, ya Haitham kwanza. Watu wakangoja masika yakisafishe kisima. Masika yakaja, yakaenda, chumvi ikabaki. Mashamba yamerudi kichaka, na vijana wamehamia Kiembe Samaki kutafuta vibarua.

Hakuna aliyemlaumu Bi Mwanakheri. Nao waliona muhali. Kila asubuhi aliteremsha ndoo, akaonja, akatema.

"Nlimwambia, mama, acha," anasema Muzdalifa. "Hunambia, labda leo, mwanangu."

Haikuwa leo, wala kesho yake. Bi Mwanakheri alifariki Alhamisi. Ufunguo ulikutwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake.

Masheikh watatwambia kuwa hata maji ya bahari yanafaa kuoshea maiti. Kweli. Lakini waoshaji walipotaka kuteka maji ya kisimani, Muzdalifa alisimama mbele yao. "Hapana," alisema. "Mama angu hakoshwi kwa chumvi ile." Gari la maji likaitwa kutoka mjini. Hapana ilisemwa Mkadini, na aliyehitaji kuisema alikuwa amelala chini ya shuka.

Tunawapa mkono wa taazia Muzdalifa, na mumewe, na watu wote wa Mkadini. Mola amrehemu mama yetu. Na wewe unayesikiliza, pengine una bonde la kulima, una kisima, una kamati. Ni nani akija mlangoni kwako huwezi kumnyima? Mfikirie sasa, kabla hajaja.

Nilimkuta Haitham makaburini, watu wameshatawanyika. Nikampa pole. Akasema, "Angeninyima, tungekuwa na maji."