Ndizi Si Ng'ombe

NAMUKASA: Haloo? Nani wewe? Hii namba mimi sijui.

AYOM: Shemeji, ni mimi, Ayom.

NAMUKASA: Ayom gani? Hapa mtaani Hai Jalaba akina Ayom wamejaa kama mawe.

AYOM: Ayom, mume wa Aluel.

NAMUKASA: Eh, shemeji! Tangu mazishi yake hujakanyaga kwa meza yangu ya sokoni. Ulidhani nitakulisha matoke kwa nguvu?

AYOM: Laini ya simu ya Khartoum ilikufa. Hii ni ya Uganda, nimepanda juu ya kichuguu ndio mtandao ushike—

NAMUKASA: Mrefu kama wewe bado unatafuta pa kupanda? Mtoto Akuac iko aje?

AYOM: Kwes, mzima. Ako mlangoni, anamfundisha mbuzi kusali.

NAMUKASA: Na ndizi yangu?

AYOM: Ndiyo nimekupigia! Aluel alibeba machipukizi sita kutoka kwako, si ndiyo? Leo asubuhi nimehesabu arobaini na nne.

NAMUKASA: Arobaini na nne! Umechimba mashimo mengine?

AYOM: Hapana. Mashimo ni yale yale sita. Zimezaa.

NAMUKASA: [anacheka] Ngoja. Ngoja nikae chini.

AYOM: Sasa unacheka nini?

NAMUKASA: Shimo moja, migomba saba! Sasa naelewa. Ule mkungu ulinitumia Jumamosi, mteja aliniuliza kama nimeanza kuuza vidole vya watoto.

AYOM: Ni ndogo lakini tamu—

NAMUKASA: Shemeji, zinanyang'anyana chakula. Unaacha tatu tu: mama, binti, mjukuu. Zingine unatoa, unapanda kwa shimo lingine. Nani alikufundisha kulima?

AYOM: Nimekulia kambi ya wakimbizi, Kakuma, shemeji. Huko hata kivuli tulikuwa tunapewa kwa kadi ya mgao.

NAMUKASA: Toa chipukizi, wewe!

AYOM: Nitoe ndama kwa mama yake? Mtu wa Bor, mtoto wa wafugaji?

NAMUKASA: Ndizi si ng'ombe, Ayom!

AYOM: Ina mama, ina watoto—

NAMUKASA: Haina pembe. Usiniambie umezipa majina.

AYOM: Aah, shemeji—

NAMUKASA: Katonda, Mungu wangu. Umezipa majina.

AYOM: Mbili tu.

NAMUKASA: [anacheka mpaka anakohoa] Sikia, sikia. Lori ya mpakani Nimule inaniletea matoke imepondeka. Semei, yule mpishi wa hoteli ya karibu na mto, anataka mikungu minene ya hapa hapa. Kila wiki, mwaka mzima. Mimi nimemtajia wewe.

AYOM: Malesh, samahani shemeji. Umechelewa.

NAMUKASA: Nimechelewa nini?

AYOM: Binamu yangu Cyril amenipatia kazi ya kulinda geti, kule Bilpam. Anakuja kunichukua na pikipiki saa sita. Nimeshavaa shati ya kazi.

NAMUKASA: Na Akuac?

AYOM: Atarudi kwa nyanya yake, Bor.

NAMUKASA: Ayom. Huyo mpwa wako umemchukua juzi tu. Alikuwa anakuita mjomba!

AYOM: Sasa ananiita baba.

[Mtandao unakwaruza.]

NAMUKASA: Haloo? Umepotea?

AYOM: Niko. Mwenye ardhi alisema, asiyelima arudishe shamba. Na siwezi kumlisha mtoto vidole vya watoto.

NAMUKASA: Kumbe umepiga kuaga. Halafu unaanza na arobaini na nne!

AYOM: Nilitaka ujue ziko nyingi.

NAMUKASA: Panga iko?

AYOM: Iko. Hayo mashimo matano naweza, nimeelewa. Ni ule mgomba wa mlangoni ndio—

NAMUKASA: Ule wa kwanza. Aliopanda Aluel mwenyewe.

AYOM: Ulishazaa. Majani yamekauka. Nimeuwekea nguzo usianguke.

NAMUKASA: Nguzo?

AYOM: Usicheke.

NAMUKASA: Sicheki. Siku Aluel alikuja kuchukua machipukizi, nilimfundisha. Mama akishazaa mara moja, basi, kalas. Anakatwa, analazwa kwa miguu ya binti, anamlisha. Unajua alijibu nini?

AYOM: Alijibu nini?

NAMUKASA: "Ayom hatakubali. Huyo ataweka nguzo."

AYOM: Alisema hivyo?

NAMUKASA: Hivyo hivyo! Akacheka mpaka akashika meza yangu. Akasema, "Siku hiyo, Namukasa, utanisaidia kumcheka."

[Mbuzi analia.]

NAMUKASA: Basi mimi nakucheka. Ha! Askari wa nguzo! Bilpam hujafika na tayari unalinda geti!

AYOM: Naweka simu mfukoni. Usiende.

NAMUKASA: Niende wapi? Mimi iko hapa.

[Hatua. Sauti ya mtoto: "Baba, unafanya nini?" Panga mara moja. Mara ya pili. Kishindo kizito.]

AYOM: Umelala.

NAMUKASA: Umeulaza wapi?

AYOM: Miguuni mwa binti yake. Unatoa maji mengi, shemeji. Yameniruk—yamenirukia.

NAMUKASA: Yamekurukia wapi?

AYOM: Kwa shati.

NAMUKASA: Shati gani?

AYOM: Nyeupe. Ile ya Bilpam.

NAMUKASA: Wewe! Maji ya ndizi haitoki! Haitoki na sabuni, haitoki na kitu yoyote! Aluel hakukuambia?

AYOM: Aliniambia.

NAMUKASA: Eeeh. Alikuambia, na shati hukuvua.

AYOM: Naskia pikipiki. Nitamwambia Cyril nini?

NAMUKASA: Mpe jembe! Mashimo iko mengi ya kuchimba.

AYOM: Shemeji, salio linaisha. Mwambie Semei—

NAMUKASA: Nimwambie nini? Sema haraka!

AYOM: Mwambie asubiri. Mikungu minene, mpaka mwezi wa—

[Simu inakatika.]

NAMUKASA: Wa ngapi? Shemeji? Mwezi wa ngapi?