Komeo la Makau

Sogeeni, wanangu, na msilie bado, maana mkimaliza machozi leo, siku ya kunizika mtawaonyesha watu nini? Nanjala, wewe utakayebaki na shule, shika mkono wangu. Quincy, weka simu chini, baba yako anaaga mara moja tu.

Mnajua kila mwaka shule yetu ya watoto wenye ulemavu wa akili hapa Riruta ikifunga, kila mtoto hupanda jukwaani aonyeshe jambo moja alilojifunza, nami kwa huu mdomo wangu wa vichekesho hulitangaza kana kwamba ameruka hadi mwezini. Kamene alifunga vifungo vinne vya shati, mwaka mzima vifungo vinne, na wageni wafadhili wa Spring Valley wakasimama kumpigia makofi. Hapo sikutania. Vile vifungo vilikuwa kweli.

Makau naye alijifunza komeo. Tulilipigilia kwenye mlango wa stoo, akahangaika nalo tangu Januari hadi Oktoba, na siku ya jukwaa akalivuta, klak, akacheka mpaka udenda ukamtoka. Nikatangaza amehitimu. Lakini alikuwa na miaka kumi na tisa na ndevu, na wageni hupenda kupigwa picha na watoto wadogo, kwa hivyo nilimwondoa kwa makofi. Kwenye ripoti nikaandika: anajitegemea.

Machi hii nikapita kwao. Mlangoni palikuwa na kufuli, kwa nje. Ndani nikasikia klak, kimya, klak. Alikuwa akivuta komeo la ndani, akisukuma mlango, akilirudisha, akianza upya, kama mtu anayedhani amekosea yeye. Mama yake akanikuta pale, ametoka kufua nguo za watu Parklands, nikamgombeza. Akaniambia polepole, "Mwalimu, wewe ndiye ulimrudisha nyumbani. Nimwachie wazi agongwe na magari?" Nikaenda zangu.

Kabla yake wamehitimu kumi na mmoja. Kwao sikupita. Niliogopa kusikiliza milango.

Quincy, najua hujanisamehe kwa kulea wana wa watu nikakusahau, na una haki. Ploti ni yako. Lakini chumba cha nguo zangu za maigizo ondoa vyote, kiwe cha hao wakubwa niliowarudisha makwao, hata kama nimechelewa, na nimechelewa sana.

Nanjala, ripoti ya mwaka huu iko chini ya mto. Pale kwa Makau nimeandika tena uongo uleule. Ufute, andika kufuli, usome hivyo mbele ya wageni, na asipige mtu makofi.

Pumzi... ngojeni. Mungu awalinde. Awape masikio kuliko mdomo niliopewa mimi.

Kesho, kabla ya mambo ya jeneza, nendeni kwao. Mwombeni mama ufunguo. Fungueni kufuli taratibu, asisikie, kisha msiguse mlango. Ngojeni. Atalivuta komeo lake mwenyewe... na safari hii, wanangu... ufunguke.