Fundo la Mkono wa Birika

Nje ya lango la gati la boti za starehe, pale ukuta wa stoo unapotoa kivuli mpaka adhuhuri, kuna benchi la ubao uliong'olewa kwenye boti iliyokufa, na mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali. Hapo ndipo wanapokaa watu wanaohangaikia boti za watu wengine. Yupo Oili, fundi wa injini, ambaye hata akioga namna gani shati lake linanuka dizeli. Yupo Sindano, mshona maturubai ya kufunikia boti, mtu ambaye tangu azaliwe hajasikia swali akakosa jibu. Yupo Shemeji, muuza kahawa, anayeitwa shemeji na wote na hakuna anayejua kaolewa na ndugu wa nani. Na yupo Kamba, mhudumu wa gati, ambaye kazi yake ni kudaka kamba boti inapoingia, kuivuta isijigonge ukutani, na kuifunga kwenye chuma. Asubuhi hiyo kidole cha Kamba kilikuwa kimevimba, na yeye mwenyewe alikuwa amevimba zaidi ya kidole. Alikaa bila kusalimia mtu.

— Kidole kimefanya nini? aliuliza Shemeji, huku akimmiminia kikombe.

— Kimebanwa na kamba ya Daktari.

— Daktari yupi?

— Wa meno. Mwenye boti nyeupe. Wa kuniua mimi ni huyohuyo mmoja.

Akawasimulia. Upepo ulikuwa unasukuma kuelekea ukutani, boti ikaja kichwa upande, na wahudumu wenzake walipoona ni ya Daktari wakageukia ndoo zao, kila mmoja akawa na kitu cha kusuuza. Kamba akaidaka peke yake. Ikamkokota, kidole kikabaki kati ya kamba na chuma, lakini boti haikugusa ukuta. Daktari akaruka chini, akamwangalia kidole kitaalamu kabisa, akasema pole sana ndugu yangu, kisha akapanda tena boti kwenda kujaza mafuta upande wa pili. Atarudi kabla ya mchana.

— Na akakupa nini? aliuliza Sindano, ingawa jibu alikuwa nalo.

— Alinipiga bega.

— Alikupiga?

— Pa, pa. Hivi. Tangu alete boti yake hapa, kila nikimfungia ananipapasa bega na kuniita ndugu. Bega limechakaa. Mama watoto ananiuliza nyumbani, yule tajiri wako kakupa nini leo? Nimwambie nini? Nivue shati nimwonyeshe?

Hapa inafaa kueleza jambo moja, maana wahudumu wa gati hili wana siri yao. Bakshishi hapa haiombwi. Kuna bango langoni limeandikwa kwa herufi nyekundu kwamba mhudumu akimwomba mteja chochote, hana kazi, na mwenzao mmoja aliyewahi kusema tu "mzee, hata soda?" alikuwa nje ya lango jioni ileile. Basi wakabuni lugha ya kamba. Mteja anayekumbuka watu hufungiwa kawaida, kamba ikazungushwa mara mbili kwenye chuma, basi. Asiyetoa chochote anaongezewa mzunguko wa tatu, unaorudi kinyumenyume. Boti haipati madhara yoyote. Ila mhudumu yeyote akipita akauona anaelewa kwamba mwenye boti hii ana mkono wa birika, usijivunje mgongo kwa ajili yake. Na fundo lenyewe ndivyo wanavyoliita, mkono wa birika. Gati zima lina mafundo hayo machache tu, na la Daktari ndilo la zamani kuliko yote. Kamba alilifunga mwenyewe siku ya kwanza boti nyeupe ilipoingia, baada ya kumwona Daktari akishuka na kuondoka kuelekea kwenye gari lake bila hata kugeuka.

— Leo namwambia, alisema Kamba.

Shemeji aliacha kufunga kifuniko cha chupa.

— Unamwambia nini?

— Namwambia, Daktari, bega si mfuko. Mbele ya watu. Wakinifukuza wanifukuze.

— We umechanganyikiwa, alisema Oili. Una watoto shuleni.

— Na nina vidole. Vilikuwa kumi vizima jana.

— Sikiliza, kaka. Wewe humwelewi tu. Zile kaptura zao za baharini hazina mifuko. Mimi nimeziona. Kuna mfuko wa nyuma mmoja, umetobolewa makusudi ili maji yatoke. Mtu ataweka hela wapi?

— Funguo anaweka wapi?

Oili akafikiri.

— Funguo anaweka shingoni.

— Basi na hela aivae shingoni, nitaichukua hukohuko.

Sindano alikuwa amekwisha kukohoa, na Sindano akikohoa ujue hotuba imefika.

— Tatizo lako, Kamba, hujafikiria kazi ya mtu. Huyu ni daktari wa meno. Tangu asubuhi mpaka jioni watu wanakaa mbele yake wanalia, kisha wanampa hela. Sasa umri wote huo amezoea kwamba pesa inatoka kwa anayelia. Hajawahi kuona pesa ikienda kwa mtu anayecheka. Na wewe unamdakia kamba umekenua meno thelathini na mbili. Yeye anaangalia meno tu.

— Kwa hiyo nilie.

— Kidogo. Usipitilize.

— Leo nimelia, Sindano. Kidole kimebanwa, nimelia, wateja wa boti za jirani wamesikia. Alinipa bega.

— Basi ulilia vibaya.

Kamba akaweka kikombe chini kwa nguvu. Kuna uchovu unaotokana na kazi, huo unalala ukiamka umekwisha. Na kuna uchovu wa kusikilizwa na watu wasiokusikia, huo haulaliki. Alitamani mtu mmoja tu amwambie una haki, au amwambie huna, yaishe.

— Jiweke karibu naye uanze kufagia, alishauri Oili. Fagia palepale aliposimama. Akisogea, fagia alipokwenda. Mwisho ataelewa.

— Nilifanya hivyo mwaka jana. Aliniambia napenda usafi.

— Nawa mikono, alisema Shemeji. Nawa mbele yake, halafu mnyooshee kiganja kama unakikausha.

— Alinipa taulo.

— Likabaki kwako?

— Akalichukua.

Hapo hata Shemeji alionekana kuelemewa. Lakini Sindano alikuwa anapanda juu tu, hakuwa na breki.

— Jamani, tusimwonee mtu. Inawezekana anakuwekea. Kuna matajiri wa aina hiyo. Hakupi hata shilingi, anakupima. Mwaka wa kwanza anakupima, wa pili anakupima, siku anafunga macho wanasoma wosia, unasikia boti nyeupe ni ya ndugu yangu wa gatini. Ndiyo maana anakuita ndugu. Neno hilo si la bure. Ukienda kumfokea leo kwa ajili ya bakshishi, umeitupa boti nzima.

— Mtu mwenyewe ni mdogo kuliko mimi, alisema Kamba. Anakimbia asubuhi. Anakula majani. Nitakufa mimi, wosia uje kusomwa kaburini kwangu?

— Wanao watairithi.

— Na wao watafungiwa mkono wa birika na wanao wewe. Mniache. Akipiga honi tu, nakwenda kumwambia.

Walikuwa katikati ya hapo, Oili akitaka kujua kama mtu anaweza kurithi boti yenye deni la mafuta, alipokuja mama mmoja mtu mzima, na kikapu cha chakula mkononi na kofia pana iliyokuwa inapigana na upepo. Alisimama mbele ya benchi akihema.

— Shikamoo mama, walisema wote kwa pamoja.

— Marahaba wanangu. Naomba nipumzike hapa. Namsubiri kijana wangu, kaenda kujaza mafuta. Boti nyeupe.

Sindano akasogea hadi pembeni kabisa ya benchi. Kamba akaangalia kidole chake. Shemeji, ambaye biashara haimpotezei akili, akammiminia mgeni kahawa.

— Mama yake Daktari wa meno? aliuliza Oili, kwa sauti ya mtu anayeomba aambiwe hapana.

— Ndiye mimi. Na nimefurahi nimewakuta, maana nina la kuuliza, na kijana wangu anasema waulizwe wenyewe watu wa gati. Ni habari ya ile kamba yake.

Mama akaweka kikapu chini, akachora duara hewani kwa kidole.

— Mnamfungia tofauti na wenzake. Mzunguko mmoja wa juu, unarudi hivi. Yule mtoto anajivunia kile kifundo, mkimsikia nyumbani mtachoka. Siku aliyoleta boti alikwenda kwenye gari kuchukua bahasha. Alikuwa amemwandalia mhudumu aliyemdakia kamba, maana alidaka vizuri sana, alinihadithia. Anarudi na bahasha mkononi, mhudumu hayupo, kamba yake ina kifundo ambacho boti za jirani hazina. Ndani ya boti ya pili kulikuwa na fundi anatengeneza injini. Akamuuliza, hiki ni nini? Fundi akamwambia, mzee, hicho hufungiwa mtu wa nyumbani tu.

Vichwa vitatu viligeuka kumwangalia Oili. Oili aliingiza uso wake kwenye kikombe, na kikombe kilikuwa kitupu.

— Kijana wangu akaona aibu, aliendelea mama. Akairudisha bahasha garini. Akaniambia, mama, mtu kanipokea kama ndugu yake siku ya kwanza tu, nitampaje bakshishi kama mpita njia? Mimi nikamwambia, mpe tu, hela haimchukizi mtu. Akakataa kabisa. Akasema, mama, hujui mambo ya kule. Wageni wanatoa hela. Sisi tunapeana mkono na kuulizana hali.

Kamba akaanza kuunganisha mambo. Bahasha ilikuwepo. Ilishuka kwenye gari, ikatembea gatini hadi kwenye boti, ikakuta fundo alilolifunga yeye mwenyewe, ikageuka. Na bega lote lile, na taulo, na wenzake kugeukia ndoo leo asubuhi upepo unavuma, vyote vilianzia kwenye mkono wake. Alikuwa na hasira bado, nyingi tu, ila sasa hakuwa na mtu wa kumpelekea.

— Nilikuwa nakukinga, Oili alimnong'oneza Kamba. Ningemwambia maana yake? Ungekuwa nje ya lango siku hiyohiyo.

— Na ukasahau kuniambia.

— Nilikuwa na injini mkononi, kaka.

— Sasa swali langu, alisema mama, akinywa kahawa yake taratibu. Mdogo wake naye anahamishia boti yake hapa wiki ijayo. Ana wivu na kile kifundo, hasemi, lakini mimi nimemzaa. Nataka kujua, mtu afanye nini hapa gatini ili na yeye afungiwe vile?

Lilikuwa swali jepesi. Jibu lake lilikuwa neno moja, asitoe, na kila mtu pale benchini alilijua. Oili akaanza kufuta mikono ambayo hakuna tambara lililowahi kuisafisha. Shemeji akatikisa chupa, ikalia kwamba haina kitu, akaendelea kuitikisa. Wote wakamtazama Sindano, mtu wa majibu. Sindano akafungua kinywa, akakifunga, na kwa mara ya kwanza kijiweni hapo akasema hajui.

Honi ikalia kutoka majini.

Kamba akainuka. Alikwenda, na mama akamfuata nyuma na kikapu chake. Boti nyeupe iliingia polepole safari hii, Daktari akiwa amesimama mbele, anacheka kwa meno yote, kamba mkononi.

— Kidole vipi, ndugu yangu? Haya, nifungie ile yetu.

Akairusha. Kamba akaidaka, akavuta, akazungusha mara ya kwanza, akazungusha mara ya pili. Hapo mkono ukasimama. Akiiacha hivyo, Daktari angejiona amefukuzwa nyumbani mbele ya mama yake, na angeuliza kosa lake ni nini, na Kamba angemwambia nini? Akiongeza wa tatu, basi ni bega mpaka uzeeni. Wahudumu wawili walikuwa wameacha ndoo zao, wanatazama. Kamba akauma meno, akaupitisha mzunguko wa tatu kinyumenyume, akaukaza kwa kidole kilichovimba.

Daktari akashuka. Pa, pa.

— Taratibu, mwanangu, alimwambia Kamba yule mama, ambaye alikuwa ameinama juu ya chuma, kofia kaishika kwa mkono mmoja. Sikuona vizuri. Fungua, ufunge tena, nikamfundishe mdogo wake.

Kamba akafungua, akafunga tena.