Chungu Kisichooshwa: Wasifu wa Bi Refugia Batista

Ndugu na majirani, nanyi mliopanda kutoka korongoni kwa miguu, kaeni. Maneno haya si marefu.

Bi Refugia Batista alizaliwa tarehe 14 Septemba 1948 hapa Rowerachi, katika milima ya Chihuahua, mtoto wa pili wa Mzee Nicasio na Bi Eduviges.

Mwaka 1957 alipelekwa shule ya bweni. Alikaa majuma sita, akarudi kwa miguu, mwendo wa siku mbili. Bibi yake hakumkemea. Alimpa jiwe la kusagia. Shule yake ikawa hiyo: kulowesha mahindi, kuyafunika kwa majani ya msonobari mpaka yachipue, kusaga kimea, kukichemsha kutwa, kisha kukimimina katika chungu cha bibi ambacho hakioshwi kamwe, maana chungu ndicho kinachojua kuchachusha.

Alipika pombe miaka sitini. Mwenye shamba la kupalilia au ukuta wa kujenga alimwendea yeye kwanza, ndipo akaita watu, maana kwetu kazi ya pamoja hulipwa kwa pombe. Waliogombana aliwakalisha pamoja na kuwapa kibuyu kimoja.

Mwaka 1967, kwenye palizi ya mjomba wake, alimrushia Cirilo Bustillos vijiwe, kama wasichana wetu wafanyavyo. Cha tatu kilimpata sikioni.

“We dada, unanitaka au unaniua?”

“Kimbia, utajua.”

Cirilo hakukimbia. Walijaliwa watoto watano, wawili walitangulia.

Mwaka 2014 mwanawe Lucio alimwoa Martina, aliyekulia mjini. Martina, akitaka kumfurahisha mama mkwe, alikisugua kile chungu kwa sabuni mpaka kikang'aa. Siku tatu pombe ikalala kama uji, na watu thelathini wameshaalikwa kupalilia. Albino, shemeji yake Bi Refugia, akapaza sauti, “Haya jamani, leo tunalewa usafi!” Martina akafunga mizigo yake. Bi Refugia akamkuta mlangoni.

“Unakwenda wapi, mwanangu?”

“Mama, nimekiua chungu cha bibi yako.”

“Hakijafa. Kimesahau tu. Shika huku, tukipeleke kwa Chepa kikafundishwe.”

Walikiweka kwa jirani huyo, ubavuni mwa chungu chake cha zamani, mwezi mzima, kikakumbuka. Lakini Martina hakuthubutu tena kupika peke yake. Kila mara alimwita mama mkwe aje atie mkono.

Novemba 2022 moyo ulianza kumsumbua Bi Refugia, miguu ikavimba. Mwezi huu, aliposhindwa kuinuka, aliomba jambo moja: Martina apike mwenyewe, naye asikie pombe ikichacha kabla hajaondoka. Martina alipika, akakiweka chungu kando ya kitanda. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Mchana wa Jumanne, tarehe 7 Machi 2023, povu likaanza kunong'ona.

“Nani amekifundisha?” akauliza mgonjwa.

“Si wewe, Mama?”

“Mimi nimelala hapa tangu juzi.”

Akacheka, akaomba aonje kidogo. Jioni ile, mkono wake ukiwa juu ya ukingo wa chungu, alitutoka.

Ameacha mume, Mzee Cirilo, watoto watatu, Lucio, Natividad na Sabina, mkwewe Martina, na wajukuu tisa.

Pombe mtakayoinywa leo ni ile ile. Kibuyu cha kwanza ni chake, Martina atakimwaga chini kwa heshima yake. Apumzike kwa amani Mama yetu, wala asiwe na wasiwasi: chungu hakitaoshwa.