Tekla wa Maretadu na Nyumba ya Nalongo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Aliye jikoni apunguze moto, aje. Leo tunamkumbuka Bibi Tekla Nikolausi wa Maretadu, aliyezikwa Jumamosi. Narudia kwa anayefungua redio sasa hivi: Tekla Nikolausi, wa Maretadu, wilaya ya Mbulu. Wengi mlimjua kama yule bibi mkali aliyekuwa akipanda juu ya nyumba za watu. Leo mjue alianzia wapi.

Mwaka 1957 Tekla alikuwa na miaka kumi na saba. Mwingereza alikuwa bado anatawala, na wasichana wa Kiiraqw waliosoma walikuwa wa kuhesabu. Yeye alikuwa chuo cha ualimu, mwaka wa mwisho. Cheti kilikuwa mlangoni. Likizo ya Agosti ilipokaribia, misheni ikatafuta vijana wa kujitolea. Waende Uganda, kwenye kambi ya wagonjwa wa ukoma kando ya ziwa, wakawajengee nyumba. Bila malipo. Tekla akanyoosha mkono kabla swali halijaisha.

Nyumbani pakachafuka. Mdogo wake, Mzee Lukasi, anakumbuka vizuri: "Baba alimwambia, 'Una wazimu? Kwetu hapa nyumba zote zimeshajengwa?' Dada akasema, 'Shikamoo baba. Nitarudi kabla chuo hakijafunguliwa.' Alikuwa akitaka kubishana na baba, anamwamkia kwanza. Sasa baba afanye nini? Ataacha kuitikia?"

Basi akaenda. Lori hadi Arusha, basi hadi Nairobi, treni hadi Uganda.

Kambini alikutana na mama mmoja aliyeitwa Nalongo. Huko ndivyo wanavyomwita mama aliyezaa mapacha. Ukoma ulikuwa umemla vidole, na viganja vyake havikuhisi tena joto wala baridi. Nyumba yake ya nyasi ilikuwa imeungua kwa cheche ya jikoni, akanusurika kwa kutambaa. Tangu hapo alikuwa analala stoo, katikati ya majembe. Alikataa katakata kurudi chini ya nyasi. "Nyasi zitanimaliza," alisema. Aliyetafsiri alikuwa Marko, fundi wa kambi, aliyejifunza Kiswahili akifanya kazi reli.

Tekla akamshika bega. "Bibi, usiogope. Kwetu tunaezeka kwa udongo. Udongo hauungui."

Wasikilizaji wa Mbulu, tembe mnaijua. Nguzo, miti, fito, halafu udongo juu, paa bapa unaloweza kuanikia mahindi. Tekla alizaliwa ndani ya tembe. Kwake nyumba ilikuwa hiyo, nyingine ni vibanda.

Marko akakuna kichwa. "Dada, mvua ya huku si ya kwenu."

"Mvua ni mvua, kaka," Tekla akajibu.

Tembe ikasimama. Vijana wakalishindilia paa kwa miguu huku wakiimba, kama inavyofanywa kwetu. Nalongo akaingia na mkeka wake, akapiga vigelegele. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Halafu mvua ikaja. Ilinyesha leo, ikanyesha kesho, ikanyesha kesho kutwa. Paa bapa halikuwa na pa kumwaga maji. Udongo ukanywa, ukalewa, ukawa mzito. Tekla alikuwa ndani akimfunga Nalongo vidonda vya miguu aliposikia mti mkuu unalia. Akaruka, akauwekea bega la kushoto, akapiga kelele. Nalongo akatoka kwa viwiko. Marko akaja mbio, akamvuta Tekla mkono, na paa lote likashuka nyuma yake. Bega lile halikukaa sawasawa tena mpaka anaingia kaburini.

Tekla alilia sana. Akaomba msamaha, akapiga magoti kwenye tope. Nalongo alikuwa amekaa mvuani, amejifunika gunia. Akasema, "Usilie, mwanangu. Moto umenifukuza, na udongo umenifukuza. Sasa utanilaza wapi?"

Treni ya kurudi ilikuwa keshokutwa. Wenzake wakafunga masanduku. Chuo kilikuwa kimeshasema wazi: atakayechelewa asirudi. Marko mwenyewe alimwambia, "Nenda dada, nitamjengea mimi nikipata nafasi." Tekla akafunga sanduku lake. Akalikalia. Akaliangalia lile gunia pale mvuani. Kisha akalifungua sanduku, akatoa kanga ya kazi.

Akabaki. Narudia, wasikilizaji: treni iliondoka, Tekla akabaki. Wanawake wa kambi wakamfundisha kukata nyasi na kufunga vitita, huku wakimcheka, maana vyake vilikuwa vinafumuka kabla havijafika juu. Yeye ana mkono mmoja mzima, wao wana vidole vya kuokoteza. Paa likainuka, safari hii lenye mteremko mkali. Jiko likawekwa mbali, nalo likapakwa udongo wa Tekla, cheche isipate njia. Marko akaridhika, na Marko hakuwa mtu wa kuridhika upesi.

Siku ya kwanza ya mvua kubwa wote walijazana mlangoni. Nalongo akaingia, akapiga magoti, akalaza shavu sakafuni, kwa sababu viganja vyake havingeweza kumwambia kitu. Kisha akasema neno moja, Marko akalitafsiri: "Pakavu."

Tekla alirudi amechelewa. Chuo kikamfungia mlango. Cheti hakupata, wala hakukipata baadaye. Sitawapambia, wasikilizaji, jambo hilo lilimuuma. Binti yake, Angela, anasema: "Asubuhi walimu wakipita na vitabu vyao, mama alikuwa anaingia ndani kwanza."

Na nyumbani je? Mzee Lukasi anasema, "Tulijua baba atamchapa. Akamwuliza, 'Yule mama analala wapi?' Dada akasema, 'Ndani.' Baba akamwambia, 'Basi ingia ule.'"

Tangu hapo, kila mvua zilipokaribia, Tekla alizunguka. Maretadu, Dongobesh, mpaka Gitting upande wa Hanang. Penye tembe ya mjane, yuko juu na fimbo, anadunga paa, anasikiliza kama miti imeoza. Hodi yake ilitoka darini. "Wewe mama, unangoja likuangukie?" Kisha anashuka, anakanyaga udongo mwenyewe. Alitukana kidogo, lakini hakuna aliyemfukuza.

Mwaka huu aliugua. Paa la tembe yake mwenyewe halikukandikwa. Ijumaa, watu wamekaa matanga, tone likadondoka karibu na jeneza. Hakuna aliyetumwa. Mvua ilipokatika, wajane wa Maretadu waliinuka mmoja mmoja, wakavua viatu, wakapanda juu na udongo. Mvua ikarudi. Angela akapiga magoti kando ya mama yake, akalaza shavu sakafuni.

"Pakavu, mama," akasema.

Mzee Lukasi, Angela, na ukoo wote wa Mzee Nikolausi, poleni sana. Sisi wa redio hii tunalia pamoja nanyi. Bwana alitoa, Bwana ametwaa.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mvua bado zinaendelea. Kabla hujalala, jiulize kama alivyouliza yule baba: jirani yako analala wapi?